Posa ya Jumamosi na Kompyuta Iliyokataa Mtandao

Mama alikuwa ameshawaambia watu wa Juba kwamba tutawapokea kwenye kompyuta. Si kwenye simu. Simu, kwa maneno yake, ni kitu cha kumuuliza muuza samaki kama amefika sokoni. Watu wanaokuja kuomba mke hawapokelewi ndani ya kitu kinachoingia mfukoni.

Watu hao walikuwa wanamtaka mdogo wangu. Kijana mwenyewe tulikuwa tunamjua, alikuwa amekuja Koboko mara tatu na kula vizuri kila mara. Lakini bibi yake alikuwa Juba, mzee ambaye magoti yake yalishakataa safari, na bila neno la bibi huyo ukoo wao hautoi jibu. Alitaka aione nyumba, amwone msichana, asikie sauti ya mama yake. Wakakubaliana Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kwa video. "Kwetu hapa kompyuta iko," mama akasema kwenye simu, mkono mmoja kiunoni. "Kubwa."

Kompyuta ilikuwepo, ni kweli. Ilikuwa ya kwangu, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, ninakochapa barua za watu: maombi ya kazi, ratiba za harusi, malalamiko kwa wakubwa wa wilaya. Lakini ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji, ukasalimiana na watu kisimani, ukarudi ukakuta bado inafikiria. Tulipoijaribu kwa video, mdogo wangu akiwa chumbani na simu na sisi tukiwa mbele ya kioo cha kompyuta, picha yake iliganda mdomo wazi na jicho moja limefumba, kama mbuzi anayechomwa sindano.

Mama aliitazama picha hiyo kwa muda. "Hapana," akasema. "Wakimwona hivi watasema tumeficha ugonjwa."

Ndiyo maana Jumanne niliifunga kompyuta kwenye kitenge cha mama, nikaipakata kwenye basi mpaka Arua, kwa fundi mmoja mwenye kibanda chini ya Arua Hill. Fundi huyu alikuwa mzee wa makamo, miwani yake hukaa kwenye paji la uso na sikuwahi kuiona ikishuka hadi machoni. Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akatoa mjusi mkavu kwa vidole viwili.

"Huyu ni mupangaji wako?"

Nilisema simfahamu.

Akafanya kazi hadi mchana. Aliondoa ile bodi kubwa ya ndani ambayo kila kitu kinashikamana nayo, akaweka nyingine. Si mpya, alisema, imetoka kwenye mashine nyingine, lakini ya kwangu ilikuwa babu yake. Akaongeza memori, akabadilisha diski. Alipoiwasha, ikawaka kabla sijakaa vizuri kwenye benchi. Nilicheka peke yangu. Ile bodi ya zamani akabaki nayo, kwa ajili ya vipuri, na mimi sikuona sababu ya kuidai. Nilirudi Koboko nikiwa nimeipakata mashine yangu kama mtoto aliyetoka kutahiriwa, nikimkaripia kila abiria aliyeegemea.

Jumatano asubuhi nikaunganisha kila waya mahali pake. Mama akaja kuangalia, ikawaka mara moja, akapiga makofi. Kisha nikaona pembeni ya kioo, chini, ile alama ndogo ya dunia, imekatwa kwa mstari.

"Hiyo nini?" mama akauliza.

"Inasema mtandao hakuna."

"Iambie iko."

Nikafanya yale ambayo kila mtu hufanya. Nikachomoa waya wa mtandao, nikauchomeka tena. Nikauchomoa upande wa ruta, ambayo ni kile kisanduku chenye taa kinacholeta intaneti nyumbani, nikauchomeka tena. Nikazima, nikahesabu hadi mia, nikawasha. Nikabadilisha waya. Dunia ikabaki imekatwa. Mdogo wangu akajaribu kwa simu yake, akasema kwake intaneti ipo, anaangalia mitindo ya hina. Basi tatizo halikuwa kwenye ruta. Nikampigia fundi.

"Fundi, mtandao hakuna."

"Ah, hiyo ni draiva tu. Ile bodi inataka draiva yake."

"Draiva yake iko wapi?"

"Iko kwa mtandao. Unapakua tu."

"Fundi, mtandao ndio hakuna."

"Ndiyo. Ndiyo maana unataka draiva."

"Na draiva naitoa wapi?"

"Kwa mtandao," akasema kwa upole, kama mtu anayerudia maelekezo ya dawa kwa mgonjwa. Tulizunguka hivyo mara mbili zaidi, kisha simu yake ikaisha chaji, au akaamua iishe.

Mama alikuwa amesikia. "Inataka dereva? Si imekuja na basi? Dereva amerudi Arua."

Nikamweleza kwamba draiva ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta jinsi ya kutumia kipande fulani cha mwili wake. Bila hiyo, kipande kipo lakini kompyuta haijui kama ni chake. Mama akafikiri, akasema kama mashine haijui viungo vyake yenyewe basi imepigwa jicho, na anamjua aliyeipiga, ni yule mwanamke niliyemsimulia, aliyekaa mbele yangu kwenye basi. Akaenda kuleta chetezo. Kabla sijamzuia alikuwa ameshakizungusha nyuma ya mashine, na feni ya mashine, ambayo sasa ilikuwa na nguvu mpya, ikauvuta moshi wote wa ubani ndani na kuutoa upande wa pili, usoni mwangu. Kwa siku zote zilizofuata kompyuta yangu ilinukia kama bibi harusi.

Alhamisi nikamwita jirani yetu. Yeye ni mwanamke wa Sudani Kusini aliyevuka mpaka miaka mingi iliyopita. Sokoni anauza chaja za simu na viatu vya plastiki, lakini kwao alikuwa anatunza mitambo ya redio ya kanisa. Ni mrefu kiasi kwamba akiingia chumba changu cha mbele taa huwa karibu na kichwa chake kuliko dari. Na haguswi na haraka. Alikaa mbele ya mashine, akafumba macho, akaomba dua fupi kwa jina la Yesu, akafumbua.

"Ninaomba kwanza," akaniambia, "kwa sababu umeme hauna urafiki." Kisha akanusa. "Mama amefukiza?"

"Amefukiza."

"Mzuri. Sasa iko salama pande zote."

Akafungua ubavu wa mashine, akawasha tochi ya simu, akatafuta maandishi kwenye bodi. Yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Mimi sikuyaona, yeye hakuyaona, mdogo wangu aliona nusu. Mama ndiye aliyeyasoma, yeye ambaye kila barua ananiomba nimsomee kwa sababu eti macho yamekwisha. Alisoma herufi na tarakimu zote bila kukosea, kisha akagundua tumemtazama, akasema, "Leo macho yamekuja."

Simu ya mdogo wangu ilikuwa imejaa mitindo ya hina, haina nafasi ya draiva, na ndani ya nyumba mtandao wa simu hushika kwa shida, kwa sababu ya mabati. Jirani akatoka hadi barabarani, akapanda kwenye kigoda changu, akanyoosha mkono juu na simu yake, na hapo, juu ya watu wote wa Koboko, akaipakua draiva. Waendesha boda walipunguza mwendo kumtazama. Alirudi, akaihamishia kwenye kompyuta kwa waya wa chaja, akabonyeza hapa na pale. Nyuma ya mashine, pale waya wa mtandao unapoingia, taa mbili ndogo zikaanza kupepesa.

"Umeona?" akasema. "Inacheka."

Mstari kwenye dunia ukaondoka. Tukakumbatiana. Mama akapiga kigelegele na majirani wawili wakachungulia wakidhani posa imeshakubaliwa. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Haukufunguka. Wa pili, haukufunguka. Kompyuta ilikuwa inasema imeunganishwa, lakini intaneti hakuna.

Jirani akakuna shingo. Akachomoa waya kwenye mashine yangu, akauchomeka kwenye kompyuta ndogo ya kwake aliyokuja nayo kwenye mkoba. Hakuna. Akamwomba mdogo wangu ajaribu simu. Ipo. Simu ya mama. Ipo, ingawa kioo chake kimepasuka. Simu yake yeye jirani. Hakuna.

"Dada," akasema polepole, "hii ruta yenu inachagua watu."

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikaketi.

Ruta ile aliiweka mjomba wangu, kaka yake mama. Ubavuni mwa nyumba yetu kuna kinyozi, na wateja wanaosubiri kunyolewa walikuwa wameshajua kwamba ukiegemea ukuta wetu pale dirishani unapata intaneti ya bure. Wengine walikuwa wanasubiri kunyolewa siku nzima, wenye vipara. Mjomba akakasirika. Akaiambia ruta impokee tu yule aliyeandikwa kwenye orodha. Kila kifaa kinachoingia mtandaoni kina namba yake iliyopigwa kiwandani, na mjomba alikuwa ameandika namba za vifaa vyetu, kimoja kimoja.

"Namba ya kompyuta inakaa wapi?" nikauliza, ingawa moyo ulishajua.

"Kwa bodi."

Bodi iliyokuwa na namba ile ilikuwa Arua, kwenye ndoo ya vipuri ya fundi. Mashine yangu, juu ya meza yake, ndani ya chumba chake, ilikuwa mgeni asiyejulikana, sawa na mtu wa ukutani.

Dawa ilikuwa ndogo: kufungua ukurasa wa ruta kwa simu ya mdogo wangu na kuandika namba mpya kwenye orodha. Ukurasa ukafunguka vizuri, ukaomba paswedi. Tukajaribu jina la mama, jina la mjomba, bismillahi, namba moja hadi nane. Mdogo wangu akaona kitundu kidogo nyuma ya ruta, na tayari alikuwa amevua hereni ili akichokonoe kwa sindano yake.

"Usiguse!" jirani akapiga kelele. "Hapo ukibonyeza inasahau kila kitu, hata kampuni iliyoizaa. Mpaka watu wa kampuni watoke Arua kuja kuikumbusha."

Watu wa kampuni tuliwajua kwa kusubiriwa. Hereni ikarudi sikioni.

Mjomba alikuwa Ludara, kwenye shamba lake, msimu wa karanga. Simu yake ilipatikana Ijumaa baada ya sala.

"Mjomba, paswedi ya ruta ni nini?"

"Sijui."

"Si uliiweka wewe?"

"Niliiweka. Lakini sikuiweka kichwani, niliiweka vidoleni."

Hapa inabidi nimweleze. Mjomba alikuwa mpiga chapa wa serikali, miaka na miaka, katika ofisi za Arua Hill, enzi za mashine za chuma. Alifundishwa kupiga kwa vidole kumi bila kutazama, na anaamini mtu anayetazama herufi akipiga ni sawa na mtu anayetazama mdomo wake akila. Paswedi, alisema, aliipiga mara mbili katika giza la chumba, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na ruta na kompyuta zilikuwa kwenye betri. Neno lenyewe limekwenda. Vidole vinalo.

"Basi njoo Koboko, mjomba. Watu wa Juba ni kesho."

"Karanga zimeng'olewa ziko juani, na mbuzi wa jirani wanajua. Siwezi kutoka. Leta mashine."

"Mashine ni nzito."

"Leta meno yake tu," akasema, maana yake kibodi.

Jumamosi asubuhi nikachomoa kibodi, nikaiweka kwapani, waya wake unaning'inia, nikaenda steji ya boda. Mwendesha boda akaitazama.

"Mama, hii kinanda unapiga kwa kanisa gani?"

"Si kinanda."

"Lakini iko na waya."

Sikuwa na muda wa kubishana. Tukaenda. Barabara ya Ludara ni vumbi jekundu na mashimo, na kila tulipopunguza mwendo mtu alikuwa na la kusema kuhusu kinanda. Pale sokoni ambapo boda alisimama kuongeza upepo, mzee mmoja wa kanisa alinijia kwa heshima zote, akavua kofia, akaniomba nimpigie wimbo mmoja tu, mfupi, wa sifa. Nilimwambia betri imekwisha. Alisikitika kwa dhati, akaniombea nipate betri.

Nilimkuta mjomba uani, karanga zimetandazwa kama zulia, fimbo ya mbuzi mkononi. Mkewe alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Baada ya salamu nikamkabidhi kibodi, nikadhani tutamaliza hapo hapo. Lakini mjomba hapigi chapa hovyo. Alinawa mikono kwa sabuni. Alidai kiti chenye mgongo. Kiti kilipokuja kikawa kirefu, akadai kingine. Meza haikuwepo, tukageuza pipa. Akanyoosha mgongo, akaweka vidole, akavuta pumzi, akatazama mbele kuelekea kwenye mihogo kama vile mkuu wa wilaya yuko pale anamsomea barua.

Trrrrrt.

"Umeona?" akasema.

"Sijaona kitu, mjomba. Polepole."

Akajaribu polepole. Vidole vikasimama hewani, havikushuka. "Polepole sijui," akasema. "Polepole ni ya mtu anayefikiri."

Akapiga tena kwa kasi yake. Na tena. Nikaweza kuhesabu tu: milio kumi na mitatu, na kidole cha pete cha mkono wa kulia ndicho kinachoanza. Tulirudia hivyo mpaka mbuzi wakaingia kwenye karanga, mjomba akaondoka nao mbio na fimbo, akarudi anahema, akadai kunawa upya.

Mkewe ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ametutazama muda wote, ungo mikononi. Akauleta ungo, akauweka mbele ya mjomba.

"Chovya," akasema.

"Nini?"

"Vidole. Chovya kwa unga, halafu piga."

Mjomba alisema katika utumishi wake wote hajawahi kutiwa unga. Lakini alichovya. Trrrrrt. Na pale juu ya kibodi nyeusi, herufi nane zilikuwa na alama nyeupe za muhogo, safi kabisa. Nikaziandika kwenye kiganja changu kutoka kushoto kwenda kulia jinsi zilivyokaa: T, U, I, O, A, D, K, N.

Herufi nane, milio kumi na mitatu. Baadhi zinarudiwa. Tukainama juu ya kiganja changu watu watatu.

"Dukani," akasema mkewe. "Dukani... to."

"Dukanito si kitu," akasema mjomba.

"Wewe ndiye uliyeiandika."

"Mjomba," nikasema, "ile siku ulipokuwa unaiandika, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nawatazama wale watu dirishani, wamejaa, simu zao zinawaka, mmoja hana hata unywele, nikawaza hawa watu si waondoke ukutani..."

Vidole vyake, vyenyewe, vikashuka juu ya kibodi. Trrrrrt. Nikahesabu kwenye kiganja: o, n, d, o, k, a, u, k, u, t, a, n, i. Kumi na tatu.

Tulipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia wenyewe. Mjomba alinishika mikono yote miwili na unga wake, akaniambia nikumbuke kwamba neno linaweza kupotea kichwani lakini kazi haipotei mkononi. Mkewe akamwambia kazi ni ya ungo. Nikawaacha wakigombania hilo, nikapanda boda.

Nyumbani shangazi walikuwa wameshafika kutoka Arua, wamekaa katika chumba cha mbele na nguo zao za sherehe, wanapepea. Mdogo wangu alikuwa amepakwa hina na wanja na alikuwa amekatazwa kutabasamu mpaka alasiri ili asiharibu. Jirani alikuwa ananisubiri. Tukafungua ukurasa wa ruta kwa simu ya mdogo wangu, nikaandika ondokaukutani, na mlango ukafunguka.

Orodha ya mjomba ilikuwa imeandikwa kwa nidhamu ya serikali. Simu ya dada yangu. Simu ya mpwa mkubwa. Simu ya mpwa mdogo. Kompyuta ya kazi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: KINYOZI. Nilimtazama mama, mama akatazama dari. Ndipo nikaelewa kwa nini mjomba kila akija Koboko kidevu chake kinang'aa. Sikufuta. Niliongeza namba ya bodi yangu mpya chini ya kinyozi, nikahifadhi.

Kompyuta ikapumua, tuseme, na ile alama ya dunia ikawa safi bila onyo lolote. Nikafungua ukurasa wa video. Likatokea onyo kubwa jekundu: ukurasa huu si salama, cheti chake hakijaanza kutumika.

"Sasa nini tena?" akasema shangazi mmoja.

Kwa mbali mwadhini alikuwa anaadhini alasiri. Jirani akasogeza uso kwenye kioo, akasoma, akashusha macho hadi pembeni kwenye saa ya kompyuta, na nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Dada, hii mashine inafikiri leo ni lini?"

Tukasoma. Mashine ilikuwa nyuma kwa miaka kumi na tano. Kuna betri moja ndogo ndani ya bodi, bapa kama kifungo cha shati, inayotunza saa umeme ukizimwa. Bodi yangu ilikuwa ya mtumba, na betri yake ilikuwa imekufa zamani. Kila nilipochomoa waya wa umeme ilirudi mwanzo kabisa wa maisha yake. Sisi hatukuwa tumetazama saa ile hata mara moja, kwa sababu nyumbani kwetu saa ni adhana. Na kurasa za siku hizi hazifunguki kwa mashine inayodai kuishi katika mwaka ambao zenyewe zilikuwa hazijazaliwa.

Mama alipoelezwa alipandwa na hasira. "Miaka kumi na tano? Mwaka huo bibi harusi anakojoa kitandani! Nani atamposa?"

Mdogo wangu alicheka, na wanja ukaharibika.

Nikaweka tarehe ya leo kwa mkono, saa nayo, na kufungua ukurasa upya. Ukafunguka. Hatukushangilia safari hii. Tulikuwa tumejifunza. Mama na shangazi wakaenda kusali, wakarudi, tukajipanga: mama katikati, mdogo wangu kushoto na wanja mpya, shangazi nyuma kwa safu mbili, jirani mwisho kabisa amesimama na kichwa chake kimekatwa na ukingo wa picha. Nikapiga.

Ikaita. Ikapokelewa. Na kioo chetu, kwa ubora ambao sijauona tangu nianze kutumia kompyuta, bila kuganda, bila kukatika hata kidogo, kikajaa sikio.

Sikio moja la kushoto, kubwa, lenye makunyanzi mazuri na kipuli cha dhahabu. Bibi wa Juba alikuwa ameweka simu sikioni.

"Halo?" sikio likasema. "Halo? Mama wa mtoto iko?"

"Niko, habuba," mama akajibu, akainamisha kichwa kwa heshima, akiliangalia sikio. Habuba ndivyo wanavyomwita bibi kule, na kwetu pia.

"Munaniona?"

Mama akatugeukia. "Tunakuona vizuri sana, habuba," akasema.

"Na mimi nasikia vizuri. Sauti iko safi. Mungu awabariki."

Tulijaribu, kwa adabu, kumwomba aitazame simu. Alisema ndiyo, ndiyo, akaiondoa, tukaona dari na feni, akairudisha sikioni, safari hii la kulia. Kijana mwenyewe alikuwa chumba kingine na wazee wa kiume, hakuna wa kumwelekeza. Basi posa ikaendelea hivyo. Mama akaeleza nyumba ilivyo, dirisha liko wapi, mazulia yana rangi gani. Akaeleza alivyo mdogo wangu, aliyekaa pale na hina yake, kana kwamba ni mtu aliyesafiri: mrefu kiasi, macho makubwa, meno yote yapo. Bibi akauliza mama wa mama alikuwa nani, akatajiwa, ikaonekana yeye na huyo wamewahi kuuziana ufuta katika soko moja la mpakani kabla sisi sote hatujazaliwa. Walizungumzia ufuta huo kwa nusu saa. Shangazi waliacha kujipanga, mmoja akavua viatu. Mwisho sikio likasema kwamba sauti ya mama ni ya mtu asiyedanganya na kwamba wao hawana neno, wamchukue msichana kwa heri.

Kigelegele kilipigwa Koboko na Juba kwa pamoja, na mashine haikusita hata hapo.

Harusi ilifanyika Arua miezi michache baadaye. Magoti ya bibi yalibadili mawazo na akaletwa kwa gari, polepole, siku mbili njiani. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wa pande zote, na nilipoingia kwa mlango wa nyuma na sinia la pilau sikuhitaji kutambulishwa. Bibi alikuwa amekaa mbele yangu, amenipa mgongo, amegeuza kichwa kidogo kumsikiliza mtu wa pembeni, na lile sikio la kushoto lenye kipuli cha dhahabu likawa upande wangu. Nikaweka sinia chini, nikaenda moja kwa moja kumsalimu.